Kuujua Ubao Kabla ya Msumari

Sokoni mbao huuzwa kwa jina la mti na kwa vipimo: mninga, mvule, mkongo, msaji, msindano, mbili kwa nne, mbili kwa sita. Majina hayo yana maana, lakini hayatoshi. Gogo lile lile hutoa ubao wa kubeba paa na ubao ambao fundi mwangalifu hathubutu hata kuukanyaga juu ya jukwaa la ujenzi. Ubao ni fungu la nyuzi ndefu mithili ya mirija, zilizoshikamana kwa gundi ya asili ya mti wenyewe. Ukivutwa kwa urefu wa nyuzi, una nguvu ya ajabu. Ukivutwa kwa kukingama, huchanika upesi. Karibu kila kasoro ya ubao ni habari ya nyuzi hizo: zimelowa, zimekwenda mshazari, zimekatizwa na kifundo, au zimeliwa.

Maji ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayowadanganya wengi. Mnunuzi huinua ubao, akiona mzito husema ni imara. Uzito ni ushahidi mzuri wa uimara, lakini kwa ubao mkavu tu. Mpingo mkavu huzama majini kwa sababu kila mita ya ujazo wake hufikia takriban kilo 1,200 za mti mtupu, ilhali msindano uliopasuliwa jana unaweza kuwa na maji mengi kuliko mti wenyewe.

Unyevu hupimwa kwa hesabu nyepesi. Kipande hukatwa ndani kidogo, kama sentimita 30 kutoka mwisho wa ubao, kwa kuwa ncha hukauka mapema na kutoa jibu la uongo. Kipande hupimwa uzito, hukaushwa katika tanuri la nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito usipungue tena, kisha hupimwa upya. Kilichopungua hugawanywa kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 560 kilichobaki gramu 400 kilikuwa na unyevu wa asilimia 40. Kipo pia kifaa cha sindano mbili kinachopima jinsi umeme unavyopita kwenye mti. Ni cha haraka, ila huaminika pale tu unyevu ulipo chini ya asilimia 30 hivi.

Kiwango hicho cha asilimia 30 ni mpaka muhimu. Juu yake maji yamejaa ndani ya mirija, na kuyapoteza hakubadili umbo la ubao. Chini yake maji huanza kutoka katika kuta za nyuzi zenyewe, na hapo ubao husinyaa na papo hapo huongezeka nguvu. Husinyaa bila usawa: kwa kufuata mzingo wa pete, takriban mara mbili ya kuelekea moyo wa mti, kwa urefu, kidogo mno. Ndiyo sababu ubao uliopasuliwa bapa hujikunja kama ganda la mtumbwi, upande uliotazama gome ukibonyea. Tena mti haukauki mara moja ukamaliza. Hufuata hewa ya mahali. Penye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ubao hutulia karibu na asilimia 16. Penye 50, karibu na 9. Mlango uliokazwa vizuri Tanga utalegea viungo ukipelekwa Dodoma.

Baada ya maji, jicho lifuate mwelekeo wa nyuzi, na lisiutazame uso wa ubao peke yake bali na ubavu wake. Nyuzi zikipanda sentimita moja kwa kila sentimita 20 za urefu, ubao hubaki na takriban asilimia 93 ya nguvu yake ya kuhimili kupinda. Zikipanda moja kwa 10, hubaki asilimia 81. Moja kwa 5, asilimia 55 tu. Mninga wenye mshazari wa namna hiyo unaweza kushindwa na msindano ulionyooka. Marembo ya nyuzi zilizozunguka hupendeza kwenye kabati, lakini hayafai kwenye kenchi.

Kifundo ni mzizi wa tawi lililomezwa na shina. Kinachotetemeka au chenye pete nyeusi ni tawi lililokufa kabla ya kumezwa, nacho kitachomoka. Mahali pake ni muhimu kuliko ukubwa wake. Ubao uliolala juu ya nguzo mbili ukabebeshwa mzigo huvutika upande wa chini, zaidi katikati. Kifundo kidogo cha ukingoni pale chini kina hatari kuliko kikubwa kilicho katikati ya kimo cha ubao. Fundi mzuri hugeuza ubao ili kifundo kiwe juu. Ni kazi ya sekunde tatu, nayo huokoa paa.

Msindano wa mashamba ya miti inayokua haraka, kama yale ya Sao Hill wilayani Mufindi, unahitaji uangalifu wa ziada. Pete za miaka ya kwanza, zile pana zilizo karibu na moyo, zina nyuzi dhaifu zinazosinyaa hata kwa urefu. Ubao unaoonyesha moyo wa mti kwenye ncha yake utapinda, na haufai kubeba.

Vipimo navyo vihakikiwe kwa futi kamba. Nguvu ya boriti hukua kwa kipeo cha pili cha kimo chake, na ukakamavu wake kwa kipeo cha tatu. Mbili kwa sita iliyopungua hadi inchi tano na nusu imepoteza asilimia 16 ya nguvu na asilimia 23 ya ukakamavu, ingawa macho huona nusu inchi tu. Wajenzi wa kale wa pwani waliheshimu mipaka ya mti: vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua upana.

Uhai wa ubao uko kwenye kiini, ile sehemu ya ndani yenye rangi iliyokoza. Kiini cha mvule na cha msaji huwashinda mchwa. Weupe wa pembeni hauwashindi, hata uwe wa mvule. Unga laini chini ya matundu madogo ni dalili kwamba mdudu angali anabungua. Mvule huficha pia vijiwe vya chokaa vinavyotafuna meno ya msumeno. Hiyo si kasoro ya nguvu.

Weupe usio na kinga ndio, kwa bahati, unaokunywa dawa vizuri zaidi. Dawa ya kijani ya shaba, kromiamu na aseniki hufaa ikisukumwa kwa shinikizo ndani ya mti uliokwisha kukauka; kuchovya hupaka ngozi tu. Ncha hazithibitishi lolote, kwa kuwa dawa hupenya mbali kwa kufuata nyuzi. Ubao mmoja wa majaribio hukatwa katikati, na uso wa mkato hupakwa kemikali inayogeuka buluu inapokutana na shaba: buluu ikijaa weupe wote, kazi imefanyika, ikiwa utepe mwembamba pembezoni, ubao ulichovywa. Nguzo ikikatwa baada ya kutiwa dawa, ncha mpya hupakwa dawa tena na kuelekezwa juu, ile isiyoguswa na msumeno ndiyo ikaingia ardhini. Vipande vinavyobaki havichomwi jikoni, kwa sababu moshi na majivu yake hubeba aseniki.