Nyumba ya Ukoo Kando ya Katuma: Jinsi ya Kuikagua

Anayetafuta nyumba kubwa ya shamba kando ya mto mkoani Katavi afike huko mara mbili, Machi na Septemba. Machi, mvua zilizoanza Novemba zikiwa zimekolea, mto Katuma huvimba na kumwaga maji kwenye mbuga zake. Septemba mto huohuo huwa umebaki madimbwi ya tope, na pale Sitalike, kilomita kama 35 kusini mwa Mpanda, viboko hubanana kwenye maji machache hadi maji yenyewe hayaonekani. Dalali mjanja humpeleka mteja Julai. Majani bado yana ukijani, hewa ni ya baridi, mto unatiririka kwa adabu, na kila nyumba inapendeza.

Kwa hiyo ukaguzi uanzie mtoni, sebule ingoje. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa, na nyumba ni shughuli ya kudumu kuliko nyingi. Baraza inayoning'inia juu ya maji inapendeza kwenye picha, lakini mnunuzi wake amenunua ubomoaji. Na hata bila sheria, mita 60 ni chache pale ambapo ardhi ni tambarare. Karema, huko mwambao wa Ziwa Tanganyika, ni somo linaloonekana kwa macho. Wabelgiji walijenga kituo chao hapo mwaka 1879, ziwa likiwa karibu. Miaka hiyohiyo mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umefungua njia ya maji, ziwa likashuka, na wamisionari wa White Fathers walipokabidhiwa kituo mwaka 1885 maji yalikuwa yamerudi nyuma. Kisha mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipanda tena, likaingia kwenye nyumba za watu katika miji ya mwambao. Anayeishi jirani na maji asichukulie ukingo wa leo kuwa ndio mpaka.

Miti husema ukweli kuliko muuzaji. Mitundu na mininga haipendi miguu yake ikae majini, kwa hiyo msitu wa miyombo ukisimama kwenye mwinuko, hapo maji hayatuami. Pale penye nyasi tupu na migunga michache, udongo ukiwa mweusi na wenye nyufa wakati wa kiangazi, hiyo ni mbuga: masika hujaa maji na kuvimba, kiangazi hunywea na kupasuka, na msingi wa nyumba hucheza pamoja nayo. Chukua konzi ya udongo, uloweshe, uuviringishe uwe kamba nyembamba. Ukijikunja kuwa pete bila kukatika, mpunga utastawi hapo lakini ukuta utateseka. Wenyeji wa Kakese na Mwamkulu wanaolima mpunga kwenye mabonde ya Katuma wanalijua hilo vizuri. Wao hulima bondeni, wakalala juu.

Kilimo hichohicho kinaleta swali jingine. Maji ya Katuma yanavutwa mashambani huko juu, na kiangazi mto hukauka mahali ambapo zamani haukukauka. Mto usihesabiwe kuwa ndio bomba la nyumba. Nyumba iliyofikiriwa vizuri ina kisima na ina matangi ya mvua, na hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 150 likipata milimita 900 kwa mwaka hupokea lita 135,000. Hata robo ikipotea kwenye mifereji mibovu, kinachobaki kinamwondolea mjukuu safari ya kwenda mtoni na ndoo. Hilo si jambo dogo kwenye mto wenye mamba. Viboko nao hutoka majini usiku kwenda malishoni na hupenda kurudia njia zilezile. Watoto wanaochunga wanazijua njia hizo zote. Waulizwe wao kabla ya kuulizwa mwenye nyumba.

Baada ya hapo ndipo zinakuja kuta. Nyumba nyingi za shamba Mpanda ni za matofali ya kuchoma, na tanuri la kienyeji halichomi sawasawa: yaliyo katikati huiva, ya pembeni hubaki nusu mabichi. Fundi asiye mwaminifu huficha haya ya pili ndani ya plasta. Kama matofali ya ziada bado yamepangwa uani, chukua mawili uyagonganishe. Lililoiva hulia kwa sauti kali. Bichi hutoa sauti butu. Vunja moja uangalie moyo wake: rangi ikiwa moja hadi katikati, moto ulifika. Loweka jingine usiku kucha, na asubuhi ukucha usiweze kulichimba. Kwa anayejenga upya yapo pia matofali ya kufungamana yanayoenezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Hayachomwi, kwa hiyo hayakati msitu kulisha tanuri, na kwa mkoa unaopoteza miyombo yake kwa kasi hiyo ni sifa ya ubora pia.

Ujanja ulioenea zaidi uko kwenye viungo. Ukuta hujengwa kwa tope, kisha viungo vya nje hupakwa saruji ili vionekane vya saruji tupu. Msumari ukichomwa kwenye kiungo upande wa ndani, ndani ya kabati au nyuma ya mlango wa stoo, utatoa jibu. Tope lenyewe si kosa, maana udongo wa kichuguu umeshika kuta nyingi kwa miaka mingi. Kosa ni kulipa bei ya saruji.

Halafu tazama juu ya madirisha. Katavi imekaa kwenye Bonde la Ufa: tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, na tarehe 5 Desemba 2005 jingine la 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika. Nyumba ndefu ya vyumba vingi isiyo na mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka kuta zote ni hatari kubwa kuliko kibanda cha chumba kimoja. Nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha ni dalili mbaya. Nyufa ndogo za plasta, zinazofanana na utando wa buibui, zisimtishe mtu. Hizo ni saruji iliyokauka haraka.

Kuhusu paa, maneno machache. Geji 28 ni bati nene kuliko geji 30, ingawa namba humdanganya asiyejua. Paa litokeze nje ya ukuta angalau sentimita 60, kwa sababu mvua ya Katavi huja na upepo, na nafasi kati ya ukuta na paa izibwe kwa wavu, kwani mbu wengi huingia kwa njia hiyo. Milango ikiwa ya mninga, mchwa watahangaika bure. Muulize mwenye nyumba stakabadhi ya mbao hizo. Asipokuwa nayo, huenda zimetoka msituni usiku.

Sehemu inayotenganisha nyumba kubwa na nyumba ya ukoo ni ramani. Siku hizi wenye fedha hujenga jumba moja: korido ndefu, vyumba sita, kila kimoja na choo chake, sebule ya kupokea wageni wasiofika. Jumba la namna hii ni la mjini lililopotea njia. Kaya ya Kisukuma, iliyofika Mpimbwe na mabonde ya Katuma pamoja na wafugaji waliohamia na ng'ombe wao, ina busara ambayo wachoraji wengi wameiacha: nyumba kadhaa ndogo kuzunguka uwanja mmoja, kila moja na mlango wake, na moto wa jioni ambapo wazee na vijana hukutana. Mtoto akioa, nyumba huongezwa. Akihama, hufungwa bila kuacha pengo ndani ya familia. Ukoo hupanuka na kupungua, na jengo la ukoo sharti liweze hivyo pia. Kwa hiyo kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa swali ni hili: nyumba ya tatu itakaa wapi? Kama jibu ni juu ya karo la maji machafu, ramani hiyo imefeli.

Kuna adabu zisizoandikwa ambazo ramani nzuri huziheshimu. Mlango wa chumba cha mke wa mtoto usitazamane na mlango wa baba mkwe, na wawili hao wasilazimike kupishana na taulo mlangoni pa bafu moja. Chumba cha bibi kiwe chini, karibu na choo, na dirisha lake lielekee njia ya kuingilia, maana bibi ndiye mlinzi wa kaya mchana kutwa na akiwekwa nyuma anazeeka kwa haraka. Mlango wake uwe na upana wa sentimita 90. Sakafu ikiinuka sentimita 30 juu ya uwanja, mteremko wa kumpandisha kwa kiti cha magurudumu unahitaji urefu wa mita 3.6. Ukikuta wa mita moja umewekwa, ulijengwa na mtu ambaye hajawahi kumsukuma mzazi wake. Chumba hicho kisiwe upande wa magharibi, ambako jua la alasiri huchoma ukuta hadi usiku.

Jiko la nje lisidharauliwe. Jiko la ndani ni la chai na la watu watano. Ukoo hupika nje, na kipimo cha kweli ni siku ya msiba. Je, masufuria makubwa matatu yanakaa mekoni kwa pamoja, turubai linapata pa kusimama, magari yanageuka? Upepo wa kiangazi hutoka zaidi mashariki na kusini mashariki, hivyo jiko, zizi na bani la kukaushia tumbaku, kama lipo, viwe magharibi mwa vyumba vya kulala. Choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, tena upande wa chini wa mteremko. Na uzio wa minyaa, ambao ni wa bei nafuu na hupendeza, uwe mbali na wanakochezea watoto: utomvu wake ukiingia jichoni huumiza vibaya.

Zimebaki karatasi. Mkoa ulikuwa na watu 564,604 kwenye sensa ya 2012 na 1,152,958 mwaka 2022, na ardhi iliyogombewa na watu wawili leo hugombewa na wanne. Kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hakimiliki ya kimila kutolewa kwa familia nzima, si kwa mtu mmoja tu. Wachache hutumia nafasi hiyo. Muuzaji akileta hati yenye jina la marehemu babu, asihesabiwe kuwa mwenye mali hadi warithi wote wakae mbele ya serikali ya kijiji na watie saini, shangazi walioolewa mbali wakiwemo. Majirani wa pande zote waoneshe mipaka kwa miguu yao, na mmoja wao, aliye mzee kuliko wote, aoneshe pia maji yalifika wapi katika masika mabaya zaidi anayoyakumbuka. Alama hiyo ikiwa juu ya msingi wa nyumba, mazungumzo ya bei yaishie hapo.