Swali Kabla ya Bisibisi

Kompyuta mpya huaminiwa kupita kiasi. Ikishatoka kwenye boksi na karatasi yake ya waranti, mwenye nayo hudhani atamhitaji fundi baada ya miaka mingi, vumbi likishajaa kwenye feni na betri ikishachoka. Mimi naona ufundi hupimwa hasa siku za mwanzo. Mashine kuukuu ina visingizio tele, kwani lolote likitokea tutasema ni uzee. Mashine mpya haina kisingizio. Ikijizima ghafla, ikichemka, ikiwa nzito wakati ingepaswa kuwa nyepesi, fundi hana uchakavu wa kuusingizia, na itambidi aitafute sababu mpaka aipate. Heshima ya kazi hii ninaiona katika kutafuta huko, kuliko katika kufungua na kufunga.

Nitachukua mfano wa ThinkPad, ukoo wa kompyuta za ofisi ulioanzishwa na IBM mwaka 1992 na kuhamia kwa Lenovo mwaka 2005. Umbo lake jeusi la pembe kali, alilolibuni Richard Sapper, linatambulika hata ukiliona kwa mbali. Ila mafundi huipendea jambo jingine. Kila modeli hutolewa na kitabu cha matengenezo kilicho wazi kwa yeyote, kinachoonyesha kila skrubu na ukubwa wake, na kipande kipi kitoke kabla ya kipi. Mtengenezaji anayetoa kitabu cha namna hiyo anakubali kwamba ulichonunua ni chako mpaka ndani.

Ofisi nyingi hununua toleo la chini, lenye RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, kwa kuwa nyongeza ya kiwandani ni ghali. Baada ya muda mfupi mhasibu anafungua jedwali kubwa, kurasa kadhaa za intaneti na mkutano wa video kwa pamoja, na mashine inaanza kusuasua. Muuzaji mwenye haraka atamwambia papo hapo aongeze RAM. Fundi wa kweli humwomba kwanza aendelee na kazi zake kama kawaida, naye akaangalia kwenye Task Manager ya Windows ni kipi kimeelemewa. RAM ikiwa imejaa, nyongeza itasaidia. Ikiwa ni diski ndiyo iliyofika asilimia 100 huku RAM ina nafasi, fedha ya RAM itapotea bure. Na ikiwa prosesa imejipunguzia kasi kwa sababu ya joto, huenda mashine imewekwa juu ya mto au kitambaa kinachoziba matundu ya hewa chini yake, na dawa yake ni meza tupu.

Ujuzi wa aina hii humwokolea mteja fedha hata pale anapohitaji kipande kweli. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina nafasi mbili za RAM, na fundi mjuzi hupenda kuzijaza zote mbili kwa vipande vya ukubwa sawa, kwa sababu prosesa hupata njia mbili za kusoma na kuandika, na michoro ya kwenye kioo hufaidika zaidi. Fundi huyo huyo anajua kwamba SSD ya mashine hiyo hupitia adapta inayotumia njia mbili tu za PCIe badala ya nne. Kwa hiyo hatakuuzia diski ya kasi ya juu kabisa, maana nusu ya kasi uliyoilipia isingefika kwenye bodi.

Niliwahi kumshuhudia fundi mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, akihudumia mama aliyekuja na ThinkPad iliyonunuliwa karibuni.

"Fundi, hii inajizima yenyewe. Mpya kabisa, lakini nikiwa ofisini haikai."

"Pole, mama. Na nyumbani?"

"Nyumbani haijawahi."

Fundi akaiweka bisibisi pembeni. Akauliza kama inajizima kwenye chaja au kwenye betri, akajibiwa kote kote. Akauliza kama ile nukta nyekundu juu ya kifuniko huzimika kabisa au huwaka na kufifia polepole. Mama akasema hufifia. Kumbe mashine ilikuwa ikilala, haikuwa ikizimika, na tofauti hiyo ikafuta nusu ya dhana zilizokuwepo: chaja, betri, RAM na joto. Swali lililofuata lilikuwa simu huiweka wapi anapofanya kazi. Mama akaitoa kwenye mkoba, iko ndani ya kava la kufunika lenye sumaku, akailaza kando ya kibodi kama alivyozoea. Kioo kikawa cheusi pale pale. Ndani ya kompyuta hizi kuna kihisi kinachotambua sumaku iliyomo kwenye kifuniko, ili mashine ilale unapoifunga, na sumaku ya kava ilikuwa ikikiambia kihisi kwamba kifuniko kimeshuka. Nyumbani simu hukaa kwenye chaja, mbali na meza.

Hakuna kilichofunguliwa wala kubadilishwa, na bado nauhesabu kuwa ufundi wa hali ya juu. Kila swali lilichaguliwa ili jibu lake likate njia moja na kuacha nyingine. Ndiyo kanuni ya kutafuta ubovu popote pale: tenga, kisha tenga tena. Ukishuku Windows, washa mashine kwa Linux iliyoko kwenye fleshi. Tatizo likiendelea humo, sababu yake huenda iko kwenye vifaa. Ukishuku RAM, acha kipande kimoja tu, ukipime kwa programu ya MemTest86, kisha ukihamishe kwenye nafasi ya pili upime upya, ndipo utajua kama mbovu ni kipande au ni nafasi yenyewe. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Aliyebadilisha matatu na mashine ikapona hajui kilichoiponya, na tatizo likirudi ataanzia sifuri.

Hata siku ya kufungua inapofika, kazi huanza nje ya mashine. Fundi makini huuliza kama data zimehifadhiwa mahali pengine, na kama mwenye kompyuta ana ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski, ule wenye tarakimu 48, kwa sababu mabadiliko ya BIOS au ya bodi yanaweza kuifanya Windows iudai kabla ya kufungua diski. Kisha huingia BIOS na kuizima betri ya ndani kutoka humo, ili bodi isibaki na umeme wakati vidole vinapopita juu yake. Skrubu za mfuniko wa chini wa ThinkPad nyingi hulegea bila kuchomoka, zikabaki zimeshikwa na mfuniko wenyewe zisipotee. Mfuniko huachanishwa pole pole kwa kibao chembamba cha plastiki, ukisikiliza kila kishikizo kinapoachia.

Kipande cha RAM hakisukumwi kwa nguvu. Kina pengo dogo kwenye ukingo wenye miguu ya dhahabu, na pengo hilo halipo katikati barabara, ili kisiingie kinyume. Huingizwa kwa mshazari mpaka miguu ya dhahabu ikaribie kupotea yote ndani ya nafasi yake, kisha hulazwa kwa vidole viwili mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Kisipoingia vizuri mashine mpya haitawaka, na mwenye nayo atadhani imekufa. Ukiona mkono unaofanya hivyo bila papara unajua umefundishwa, au umejifunza kwa kuheshimu kitu cha mtu.

Ninasikitika kwamba nafasi ya mkono huo inapunguzwa. Katika ThinkPad T14 ya mwaka 2020 sehemu ya RAM imechomelewa kwenye bodi na imebaki nafasi moja ya kuongeza. Katika X1 Carbon yote imechomelewa. Wembamba una faida zake, lakini anayenunua mashine ya aina hiyo lazima akisie leo mahitaji yake ya miaka mitano ijayo, na akikosea hapana fundi wa kumsaidia. Ufaransa tangu mwaka 2021 inawataka wauzaji waonyeshe alama ya urahisi wa matengenezo kwenye kompyuta mpakato. Ningependa kuiona alama hiyo kwenye maduka yetu pia, maana huku ndiko kompyuta hutumika mpaka tone la mwisho.

Lakini sheria pekee haitaulinda ufundi huu. Sisi wateja tumezoea kulipia kitu kinachoonekana. Fundi akiweka RAM mpya tunalipa bila neno; akigundua kwa maswali manne kwamba hatuhitaji RAM, tunamwambia hajafanya kitu, labda tumpe ya soda. Kwa tabia hiyo tunawafundisha vijana walioko kwenye meza za Kariakoo na za Luthuli, Nairobi, kwamba riziki iko kwenye kuuza vipande, wala si kwenye kutambua tatizo. Anayekwenda kwa fundi na aende akijua kwamba kuna gharama mbili, ya kipande na ya utambuzi, na pasipo kipande ailipe ya pili kwa moyo mkunjufu. Fundi anayelipwa kwa kutafuta hana sababu ya kukuuzia usichokihitaji.