'Mshipa wa Fahamu' au 'Neva'? Ushahidi wa Ulimi

Wanafunzi wetu wanapotafsiri matini za tiba, huandika 'mshipa' kila mahali: unaopitisha damu na hata unaopeleka taarifa kwenye ubongo. Istilahi 'mshipa wa fahamu' inapendeza, lakini inapotosha. Kwanza, neva haipitishi damu. Pili, si kila neva huleta fahamu. Nyingine huamrisha misuli tu.

Tuchukue ulimi, chombo chetu walimu wa lugha. Kati ya jozi 12 za neva za kichwa, ya 12 huusogeza. Ya 5 huhisi mguso na maumivu katika theluthi mbili za mbele. Ya 7 huonja sehemu hiyohiyo. Ya 9 huhisi na kuonja theluthi ya nyuma. Anayeiita ya 12 'neva ya ulimi' atamfanya msomaji adhani kwamba mgonjwa aliyeumia neva hiyo hapati ladha, kumbe kinachomsumbua ni matamshi na kumeza.

Wapo watakaosema 'neva' ni neno la mkopo. Ni kweli, lakini halichanganyi mambo. Tulitumie, kisha tutaje kazi: 'neva ya kusogeza ulimi'. Istilahi nzuri hufundisha. Haiishii kupendeza masikioni.