Juu ya Kutunza Nyumba za Kijiji cha Makumbusho

Kijiji cha Makumbusho, kilicho kando ya barabara iendayo Bagamoyo katika mji wa Dar es Salaam, kiliwekwa katika miaka ya 1960 ili watu waone jinsi makabila ya Tanzania Bara yalivyojenga. Humo mna msonge wa Wahaya, tembe ya Wagogo, nyumba ya Wazaramo na nyingine nyingi. Wako wasemao kwamba nyumba hizo si za kale, kwa kuwa nyasi zake ni za juzi na udongo wake umekandikwa upya. Neno hili twalipinga.

Makumbusho ya namna hii yalitanguliwa na Skansen ya mjini Stockholm, iliyofunguliwa na Artur Hazelius mwaka 1891. Nyumba nyingi za kule ni za magogo. Huweza kufumuliwa gogo moja moja, zikachukuliwa na kuunganishwa mahali pengine, na magogo yale yale yakadumu karne nyingi. Basi mtunzaji wa huko hulinda mti. Lakini ni nani atakayeifumua tembe? Udongo haufumuliwi, wala nyasi hazingoji wajukuu. Kwetu kidumucho ni mkono ujuao kazi: kuchagua fito, kufunga pau, kukandika kiambaza, kuezeka paa lisivuje. Mkono huo ukikoma, nyumba imekwisha, ijapokuwa kuta zingali zimesimama.

Tena kila nyumba ilizaliwa na hali ya nchi yake. Paa la tembe ni la udongo, nalo ni tambarare. Lafaa Dodoma, penye mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, bali Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000. Msonge nao ulitunzwa na moshi: moto uliowaka ndani kila siku ulikausha nyasi na kufukuza wadudu. Katika makumbusho hapana alalaye humo, wala apikaye kila jioni. Twastaajabu kuona watu wakilaumu mchwa, wasiulize habari za moto.

Wengine watashauri saruji na misumari. Saruji yaweza kuupa ukuta masika kadhaa zaidi, lakini humwondolea fundi sababu ya kurudi. Afadhali moto uwashwe ndani ya msonge mara kwa mara, akiwapo mlinzi (maana cheche na nyasi kavu si marafiki), na mafundi waitwe kutoka Kagera na Dodoma kila paa linapochoka, kila mmoja na kijana wake wa kufundishwa. Nauli ni ghali, twajua.

Na jina la kila kipande cha nyumba liandikwe kwa lugha ya wenyewe, litoke kinywani mwa fundi angali juu ya paa. Kwa maana akishuka atatusemesha kwa Kiswahili, nasi tutaandika "mti" mahali penye majina kumi.