Dhana ya asilimia 93: Tusiwahukumu watu kwa macho yao

MAJUZI nilialikwa kuzungumza katika semina ya walimu wa Kiswahili. Kabla ya zamu yangu kuwadia, alinitangulia bwana mmoja mtanashati, bingwa wa kuwapa watu motisha. Alituonyesha mchoro wa duara lililogawanywa mapande matatu, kisha akatamka kwa kishindo: “Katika mawasiliano, maneno yana asilimia 7 pekee. Toni ya sauti ni asilimia 38. Ishara za mwili ni asilimia 55!”

Walimu wakainama kuandika. Mmoja aliyeketi karibu nami akaninong’oneza, “Profesa, kumbe miaka hii yote tumekuwa tukifundisha asilimia 7?”

Nilicheka, ila swali lake lilinichoma. Takwimu hizo nimezisikia mara nyingi mno, na kila nizisikiapo huwa zimetolewa kana kwamba ni sheria ya maumbile. Hebu tuzipime.

Washa runinga wakati wa taarifa ya habari kisha uzime sauti. Uso wa msomaji wa habari unauona, mikono unaiona. Iwapo ishara zina asilimia 55, ungetarajia kufahamu zaidi ya nusu ya habari zenyewe. Je, utajua bei ya petroli imepanda kwa shilingi ngapi? Thubutu! Na wewe msomaji unayeyasoma haya hunioni wala hunisikii. Mbona basi hujaambulia asilimia 7 tu ya hoja yangu?

Takwimu hizi zina chanzo. Mnamo 1967, mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha tafiti mbili alizozifanya pamoja na wenzake. Katika mmoja, watu walisikilizishwa maneno, moja moja, yakitamkwa kwa toni mbalimbali. Katika wa pili, walisikilizishwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya “labda” huku wakionyeshwa picha za nyuso. Kazi yao ilikuwa kukisia hisia: je, msemaji anampenda anayeambiwa, anamchukia au hana habari naye? Baadaye matokeo ya tafiti hizo mbili yaliunganishwa yakazaa zile asilimia tatu, na kitabu chake cha 1971, Silent Messages, kikazitangaza.

Ona basi. Aliyepewa neno “labda” peke yake, bila sentensi wala muktadha, angetegemea nini kingine ila toni na uso? Maneno yalipata asilimia ndogo kwa sababu utafiti wenyewe uliyanyima nafasi ya kusema. Tena Mehrabian mwenyewe amefafanua kwamba mlinganyo wake unahusu mazungumzo ya hisia na mitazamo, yaani kupenda na kutopenda. Hauhusu kila aina ya mawasiliano. Kosa, basi, ni la waliouchukua mlinganyo huo nusunusu na kuutembeza kwenye kumbi za semina.

Sisemi kwamba viziada lugha ni upuuzi. Mswahili akikwambia “haya,” huenda amekubali, huenda anakuaga, huenda anakuonya kwamba utakiona cha mtema kuni. Toni ndiyo itakayokupambanulia. Kusonya, kukonyeza, kubetua midomo na kukunja uso ni mambo yenye uzito, na asiyeyajua hujikuta taabani. Hata hivyo, uzito huo hutokana na mila za watu. Hakuna mizani moja ya kuupimia ulimwengu mzima.

Pia tusichanganye mambo. Mwanamke wa Mombasa anayejifunga leso yenye fumbo na kumpitia jirani mlangoni hajafungua kinywa, lakini ujumbe wake ni wa maneno, tena maneno yaliyochaguliwa kwa makini. Ndugu zetu viziwi nao hutumia mikono na uso, ila Lugha Ishara ya Kenya si “ishara za mwili.” Ni lugha kamili, yenye msamiati na sarufi, na Katiba yetu ya 2010 imeitaja kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Mwanaisimu William Stokoe alionyesha tangu 1960, akichunguza lugha ya ishara ya Marekani, kwamba ishara za viziwi zina muundo kama wa lugha yoyote. Kimya cha mdomo si ukosefu wa lugha.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kuna binti niliyemfundisha aliyenijia ofisini baada ya kukosa kazi.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba, mwanangu. Mahojiano yalikwendaje?”

“Maswali niliyajibu yote. Lakini niliambiwa sijiamini. Eti sikuwatazama machoni.”

Binti huyo amelelewa kwenye boma ambamo kumkodolea mzee macho ni utovu wa adabu. Aliinamisha uso kwa heshima, nao wakasoma woga. Majibu yake, yaliyokuwa ushahidi halisi wa uwezo wake, yaligeuzwa kuwa ile asilimia 7.

Balaa ni kubwa zaidi mahakamani. Sheria yetu ya Mwenendo wa Jinai, kifungu cha 199, humtaka hakimu kuandika maoni anayoona ni muhimu kuhusu jinsi shahidi alivyokuwa akitoa ushahidi. Hakuna ubaya katika kuandika. Hatari ni kudhani kwamba jasho, kigugumizi na macho yanayokwepa ni alama za uongo. Mwaka 2006, Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya na kuchanganua tafiti nyingi kuhusu uwezo wa watu kutambua uongo bila usaidizi wa vifaa maalumu. Kwa wastani, walipatia kwa asilimia 54. Ukirusha sarafu utapata 50! Mwanakijiji anayepanda kizimbani kwa mara ya kwanza, akihojiwa katika lugha asiyoimudu vyema, atatetemeka hata akisema kweli tupu.

Zamu yangu ilipofika, niliwaambia walimu kwamba Lev Vygotsky, katika kitabu chake cha 1934 kuhusu fikra na lugha, alishikilia kuwa neno si chombo cha kubebea wazo lililokwisha kukamilika. Wazo lenyewe hukamilika ndani ya neno. Mtoto anayeongezewa msamiati huongezewa pia uwezo wa kutenganisha hasira na huzuni, kosa na bahati mbaya, ombi na amri. Tabasamu la mwalimu litamtuliza, lakini halitamfundisha tofauti hizo.

Yule mwalimu jirani yangu aliniuliza afanye nini na yale aliyoyaandika daftarini. Nilimshauri asiyafute. Aandike pembeni: “Neno moja, hisia tatu, 1967.” Kisha Jumatatu arudi darasani akafundishe, na mwanafunzi anayejibu huku ameinamisha kichwa amsikilize hadi mwisho wa sentensi.