Mzigo Usioinamiwa

Hasomi kwa macho. Anasoma kwa mdomo, kwa sauti ya kadiri, penseli ameishika kama mshona mikeka anavyoshika sindano. Jumamosi ile nilipomfikishia muswada wangu nyumbani kwake Isevya, Tabora, kurasa 214 zilizofungwa kwa kamba ya katani, aliniitikia shikamoo yangu, akanisogezea kigoda, akafungua katikati ya bunda badala ya mwanzo, akaanza kusoma. Mstari wa tatu pumzi ikamwishia. Akatia mkwaju mdogo pembeni, akaendelea. Ukurasa ulipokwisha nilihesabu mikwaju 11.

"Hapa pote mtoto amezama," akasema, na kunirudishia ukurasa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Tabora, na kwa miaka sita nimeandika riwaya moja ya watoto. Inamhusu Maganga, mvulana wa Unyanyembe anayefuatana na msafara wa baba yake mdogo hadi Bagamoyo, pembe ya ndovu begani. Pembe hiyo sikuibuni. Wasafiri waliopita huku karne ya 19 waliandika kwamba Wanyamwezi waliwazoeza watoto upagazi mapema kwa kuwabebesha pembe nyepesi, na kwamba wavulana waliochukuliwa safarini walibeba mikeka na vyungu vya wakubwa wao. Tembe la Kwihara, alikokaa msafiri Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, liko kilomita chache kutoka ninapofundisha. Kila mwaka tunawapeleka watoto. Wanarudi wakijua aliyesubiri. Waliosubiriwa hawawajui hata kwa jina la kabila. Niliandika kwa hasira hiyo, na hasira, nimekuja kujua, hurefusha sentensi.

Habari za kukataliwa nitazipitia upesi maana zinafanana. Mchapishaji mmoja alikaa na muswada miezi 14, kisha akanijibu kwa mistari miwili. Mwingine aliusifu, akaniomba nichangie gharama za uchapaji. Wa tatu alinishauri niache riwaya, nimletee kitabu cha mazoezi ya Darasa la IV, ambacho kinauzika. Simlaumu sana huyo. Nani hununua riwaya ya mtoto nchini kwetu? Mzazi akiwa na fedha ya kitabu, ananunua kile ambacho shule imekiandika kwenye orodha, na shule inafuata vyenye ithibati. Hadithi inabaki kuwa kitu cha baadaye.

Mama huyu wa Isevya (sitamtaja jina, mwenyewe hataki) aliishi upande wa pili wa barua hizo. Alihariri vitabu vya watoto Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudi nyumbani. Alianza kazi siku zile Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipokuwa mpya. Mradi huo ulianzishwa mwaka 1991, wakati rafu za maktaba zetu zilikuwa na vumbi zaidi kuliko vitabu, na ulikuwa na akili ya biashara ndani yake: wachapishaji walihakikishiwa kwamba sehemu kubwa ya nakala itanunuliwa na kupelekwa shuleni, kwa hiyo hawakuogopa kuchapisha. Pamoja na hayo ziliandaliwa warsha za waandishi, wachoraji na wahariri. Katika warsha hizo, anasema, ndimo alimojifunza kunyamaza mbele ya mwandishi mpaka mwandishi mwenyewe asikie anachosema.

Alinitoza ada kwa ukurasa, na nililipa. Kazi ya uhariri ikifanywa bure hufanywa nusu.

Nimekaa naye Jumamosi nyingi, na sijawahi kumwona akikata sentensi kwa pupa. Chukua hii, niliyoiandika nikiwa nimejiridhisha kabisa: "Maganga, ambaye alikuwa amebeba pembe ya ndovu ambayo ilikuwa imemzidi urefu, alikuwa akitembea kwa taabu kubwa huku akiwa anajaribu kuwafikia wenzake ambao walikuwa wameshatangulia mbele." Aliisoma mara mbili. Kisha akaniuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Nani anatembea?"

"Maganga, Mama."

"Amefika wapi?"

"Hajafika."

"Na mimi nimeshachoka, mwanangu. Mzigo umemtua yeye ukanitwika mimi."

Akachukua karatasi chakavu, akaandika polepole: "Pembe ilimzidi Maganga urefu. Akaibeba. Wenzake wakatangulia, akabaki nyuma na vumbi lao." Maneno 25 yamekuwa 12. Sikujali hesabu hiyo. Nilichokitazama ni mahali ilipokwenda ile "taabu kubwa". Haikufutwa. Imeingia kwenye vumbi. Mtoto wa Tabora aliyewahi kutembea nyuma ya ng'ombe mwezi wa Septemba hahitaji kuambiwa kwamba vumbi ni taabu.

Ugonjwa wangu, aliniambia, ni "kuwa": alikuwa, ilikuwa, akiwa, walikuwa, vitano katika sentensi moja. Dawa yake ni kiambishi ambacho bibi zetu walikitumia bila kukijua jina. Hadithi husimamishwa kwa -li- moja, kisha hutembea kwa -ka-. "Kila ka ni hatua," alisema, akapiga vidole mezani: akaibeba, wakatangulia, akabaki. Ana nakala kuukuu ya maisha ya mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne iliyopita. Ana pia safari ya bara ya Selemani bin Mwenye Chande, iliyomo katika mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901. Wote wawili walipita Tabora; baba yake Tippu Tip hata alioa katika ukoo wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Mama hakunipa vitabu hivyo nijifunze historia. Alitaka nione jinsi watu wa msafara walivyosimulia: tukapita, tukalala, tukafika, tukatoa vitambaa. Mtu aliyetembea miezi mitatu hana pumzi ya "ambaye".

Nikarudi nyumbani nikajaza ka kila mahali. Jumamosi iliyofuata akacheka mpaka akavua miwani. Sura yangu ilikuwa inakimbia kama mwizi. Akanionyesha ukurasa ambapo Maganga anafika kisimani baada ya siku mbili bila maji, nami nilikuwa nimeandika "akafika, akainama, akakuta kisima kimekauka". Akafuta ka ya mwisho, akaweka nukta, akaanza sentensi upya: "Kisima kilikuwa kimekauka." Hapo nikaelewa kwamba hakuwa na ugomvi na "kuwa". Alikuwa akiiwekea akiba, aitumie siku ambayo hadithi inasimama na mtoto naye anasimama.

Kitu kingine anachokifanya sijakisoma katika kitabu chochote cha uandishi. Anahesabu silabi kwa vidole. Kiswahili chetu kinaweza kuweka sentensi nzima ndani ya neno moja, na mtoto wa Darasa la III, ambaye bado anafuata maandishi kwa kidole, analikuta neno hilo kama gogo limelala njiani. "Hawakutusindikiza": ha-wa-ku-tu-si-ndi-ki-za, silabi nane. Neno likipita vidole vya mkono mmoja, anatafuta njia ya kulizunguka. Lakini huacha moja kwa ukurasa, kwa makusudi. Mtoto awe na kilima chake.

Vyakula hakuvigusa. Nilikuwa nimeandika kwamba Maganga alikula "michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani". Akakata kuanzia "yaani". "Usimtafsirie chakula. Mpe ale." Sasa Maganga anatia kipande mdomoni, kinalia ka! chini ya jino, anakitafuna mpaka utamu unatoka. Mtoto wa Mtwara asiyeijua michembe ataijua kwa meno.

Hata maelezo ya mavazi ya Maganga, aya nzima niliyoipenda, aliyawekea mabano na kuandika pembeni: "Mchoraji." Nilipobisha akaniambia nisimnyang'anye mwenzangu tonge.

Ni kwenye maneno ya msafara wenyewe ndipo nilipomwona fundi. Maneno hayo yote bado tunayo, ila yamehama nyumba. Mtoto wa leo akisikia "msafara" anaona magari yenye ving'ora. "Mnyampara" kwake ni msimamizi wa wafungwa. "Mtumba" ni shati la sokoni, wakati kwa Maganga ni robota la vitambaa. "Hongo" ndiyo mbaya kuliko zote. Katika njia ya zamani ilikuwa ushuru ambao misafara iliwalipa watemi, hasa Ugogo, ili ipite na ichote maji; leo ni kosa la jinai, na mabango yake yamebandikwa kwenye kuta za ofisi. Mtoto akisoma kwamba baba mdogo wa Maganga "alitoa hongo", atamhesabia kuwa mtu mwovu kabla sura haijaisha.

Mimi nilikuwa nimeweka tanbihi. Mama hapendi tanbihi kwa watoto. Anasema mtoto akishuka chini ya ukurasa harudi. Kwa "mtumba" alinishauri nimwonyeshe msomaji mtumba ukifungwa. Nikaenda kusoma, nikakuta mambo ambayo kwa miaka sita niliyapita bila kuyaona. Vitambaa vilipangwa, vikazungushiwa kitambaa kigumu, vikakazwa kwa kamba, kisha vikapigwa kwa magongo mpaka robota likawa gumu kama gogo, refu, la kukaa begani bila kulegea hata likinyeshewa. Uzito wake ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuishia hapo. Alifungia mzigo wake kwenye mti wenye panda, ili akipumzika auegemeze kwenye shina la mti, usilale chini. Wakati wa kuondoka aliingiza bega tu, akaenda. Hakuinama.

Nilimsomea Mama kifungu hicho. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akachukua muswada, akaanza kuhesabu mahali sura zangu zinapoishia. Sura ya pili iliishia Maganga akiwa amelala fofofo. Akaivunja ukurasa mmoja kabla, pale sauti inapoita gizani. Sura ya tano aliivunja kwenye mlango wa tembe, kabla haujafunguliwa. "Hapa ameegemeza," alisema. "Kesho ataingiza bega." Hivyo ndivyo alivyozipanga sura zote 12, ili mtoto anayeitwa kuchota maji katikati ya kitabu akirudi asiuinamie mzigo.

Siku moja nililalamikia miaka yangu sita. Akanikumbusha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaambiwa lugha hiyo haina soko, akakaa chini akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Hakunisimulia hayo kunifariji. Alitaka nijue kwamba mtu anaweza kuandika kitabu kilekile mara mbili na mara ya pili isiwe adhabu.

Muswada sasa una kurasa 131 za chapa. Mama amekwisha kuupigia hesabu ya kitabu: kurasa 112 pamoja na picha, kwa sababu karatasi ya mtambo ikikunjwa hutoa kurasa 16, na saba mara 16 ni 112, hakuna ukurasa utakaolipiwa ukiwa mtupu. Hesabu hiyo, asema, ni adabu kwa mchapishaji. Nina njia mbili mbele yangu: nyumba moja ya uchapishaji imekubali kuusoma tena, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, imefungua pia mlango wa hadithi za watoto. Nitajaribu tuzo hiyo kwanza.

Ila si mwaka huu. Sura ya saba, ile ya Ugogo, bado iko Isevya juu ya meza, chini ya kopo la penseli. Neno "hongo" limo mara tisa. Mama ameliwekea duara mara zote tisa, na hajaandika kitu pembeni.