Kufundisha Ushairi katika Vyuo Vikuu

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akiulizwa tarbia ni nini, hujibu upesi: ubeti wenye mishororo 4, kila mshororo mizani 16, nusu ukwapi na nusu utao. Mwambie atunge ubeti mmoja, kalamu humlemea. Sisi twaona kuwa jibu lile halikuwa elimu. Lilikuwa amana ya mhadhiri, iliyorudishwa kwa mwenyewe siku ya mtihani. Naye ndiye aendaye kesho kufundisha sekondari.

Wataalamu kama Jean Piaget wa Uswisi na Lev Vygotsky wa Urusi walishika kwamba maarifa hujengwa na mwenye kujifunza, kwa kutenda na kwa kusemezana na wenziwe. Katika ushairi rai hiyo si ngeni kwetu. Malenga wa pwani walipimana kwa kutunga na kujibizana.

Tutoe mfano. Mhadhiri asitaje kanuni yoyote. Awape wanafunzi maneno 3, mtoto, mbegu na mbu, wayahesabie mizani. Katika mtoto, m husimama peke yake, na mizani huwa 3. Katika mbegu, m huungana na b, mizani zikawa 2. Basi wataweka kanuni kwamba m ikitangulia b haihesabiwi. Ndipo mbu atakapowauma! Neno hilo nalo lina mizani 2, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hutaka silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo hapana nyingine ila m. Darasa lililobishana hivyo halisahau.

Wako wasemao kuwa njia hii ni uvivu wa mwalimu. Naam, wapo wawagawao wanafunzi makundi, kisha wakaketi kusoma gazeti. Huko si kufundisha. Walakini kulichagua neno mbu kwataka ujuzi kuliko kusoma maandishi yale yale kila mwaka.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954, alizifunga sheria za kutunga pamoja na diwani yake mwenyewe. Vyuo vyetu vimechukua sheria, vikaiacha diwani. Kwa hiyo hata ubishi uliozuka Euphrase Kezilahabi alipoacha vina na mizani katika Kichomi, mwaka 1974, mwanafunzi huujua kwa majina ya pande mbili tu. Kilichoachwa hasa hakukionja.

Mtihani nao ubadilike. Nusu ya alama itolewe kwa beti alizotunga mwanafunzi, naye azitetee mbele ya wenziwe.